Kahaani ya Vidya Balan: huu mwisho ni halali au tumepigwa?

Mshika Rimoti

Wakuu, ambaye hajaitazama Kahaani, ile filamu ya Kihindi ya 2012 aliyoigiza Vidya Balan, apite tu, maana hapa naanika kila kitu.

Mimi ndiye yule mtu asiyetakiwa sebuleni. Nikikaa mbele ya filamu ya taharuki, nusu saa haipiti nimeshamtaja muuaji, na mara nyingi napata. Jana nimefungwa goli nikiwa nimesimama langoni. Usingizi umenipaa. Nataka kujua kama goli ni halali au refa alikuwa wao.

Kwa kifupi: Vidya Bagchi anatua Kolkata kutoka London, tumbo liko mbele, na kutoka uwanja wa ndege anakwenda moja kwa moja kituo cha polisi. Mumewe Arnab alikuja kufanya kazi ya muda National Data Center na sasa hajulikani alipo. Nyumba ya wageni hawamjui. Kazini hawamjui. Polisi kijana, Rana, anamwonea huruma (na zaidi ya huruma, tuliona wote). Kisha inagundulika kwamba huyo mume amefanana na Milan Damji, mtu wa lile shambulio la gesi ya sumu kwenye treni ya chini ya ardhi, na hapo watu wa ujasusi wanaingia, wakiongozwa na Khan asiye na salamu.

Sasa mwisho. Arnab hayupo, hakuwahi kuwepo. Mimba haipo. Mume wa kweli ni Arup Basu, ofisa wa ujasusi aliyekufa ndani ya treni ile, na mimba ya kweli ilitoka siku mkewe alipouona mwili wake. Tumbo analivua mbele ya Damji na kumtwanga nalo.

Malalamiko yangu ni haya. Mhusika kuwadanganya wenzake, sawa, ndiyo kazi yake. Lakini sisi tulioneshwa kumbukumbu zake! Tulimwona Arnab kwa macho, ana sura, anacheka. Hapo aliyenidanganya si Vidya, ni kamera. Hiyo inaruhusiwa?

La pili ni la nyumbani. Mama yangu ni mkunga mstaafu. Alikuwa pembeni anafuma kitambaa chake, hata sikujua kama anatazama. Katikati ya filamu akasema, "Mimba gani hii haimpeleki mtu chooni?" Nikamwambia, mama tulia, ni filamu. Tangu jana ananiangalia tu hasemi kitu.

Nusu Usingizi

Mama kabahatisha. Hakuna anayekwenda chooni kwenye filamu yoyote, hata wasio na mimba.

Mimi nilikwama kwa Bob Biswas. Muuaji wa kukodiwa ana kitambi, kazi yake ya mchana ni wakala wa bima, bosi anamfokea kwa kutofikisha malengo, na kabla ya kukuua anakuamkia kwa adabu. Nilimwogopa kuliko majambazi wote wenye misuli niliowahi kuona.

Babu Mkanda

Mshika Rimoti, tulia nikusomee jina la filamu. Kahaani kwa Kihindi ni hadithi. Walikuambia mlangoni kabisa: hadithi, hadithi! Wewe ukaitikia hadithi njoo, ukaketi. Sasa unalalamika kwamba umesimuliwa hadithi?

Nikujibu la kamera. Zile picha za Arnab zinakuja wakati Vidya anasimulia. Unachokiona ni kile anachotaka Rana akione kichwani. Na angalia sura aliyopewa Arnab: ni ya Damji mwenyewe, mwigizaji ni huyohuyo Indraneil Sengupta. Yaani huyu mjane kamvika mume wa kutunga sura ya muuaji wa mumewe, akaizungusha mji mzima ili wanaomjua washtuke. Nilipolielewa hili mara ya pili nilisimamisha mkanda nikatoka nje kidogo.

Tena filamu ilikuonya zaidi ya mara moja. Ule mzaha wa majina unaukumbuka? Wabengali, wenyeji wa Kolkata, wana jina rasmi na jina la nyumbani. Rana ni la nyumbani, rasmi ni Satyoki. Vidya mwenyewe anaitwa Bidya na kila mtu kwa sababu "v" inawapa tabu. Tukacheka. Lakini tulikuwa tunaambiwa mapema kwamba katika mji huu kila mtu ni watu wawili.

Halafu kibao cha nyumba ya wageni Monalisa kinachotangaza maji ya moto yanayokimbia saa zote. Vidya anauliza, kumbe "yanayokimbia" maana yake mtoto Bishnu anakimbia na kuyaleta. Kibao hakikudanganya. Wewe ndiye uliyesoma unavyotaka.

Kiti cha Mbele

Babu umeongea, ila umeacha lililonipiga mimi.

Hadithi yote inatembea ndani ya siku za Durga Puja, sikukuu ya Kihindu ya mungu wa kike Durga. Kwa Wabengali, Durga anakuja nyumbani kwa wazazi wake, anakaa siku chache, halafu siku ya mwisho anaagwa na sanamu zake zinazamishwa mtoni. Ndiye mungu wa kike aliyemuua Mahishasura, pepo mwenye umbo la nyati. Vidya anaingia mjini mji ukijiandaa kumpokea Durga, na anatoweka siku Durga anapoagwa. Hilo wengi wameliona.

Ambalo watu hawalisemi sana ni lile vazi. Mwisho umewekwa kwenye sindoor khela, wanawake wanapopakana poda nyekundu wakiwa na sari nyeupe zenye pindo jekundu. Kwa desturi hiyo ni shughuli ya wanawake wenye waume, na wajane huwekwa pembeni. Sasa Vidya ni nani pale? Mjane. Amejificha mahali ambapo mjane hatafutwi, ndani ya vazi alilonyang'anywa na Damji. Polisi wanahangaika kumtafuta, na mbele yao wamejaa wanawake wa namna ileile.

Mimi kinachoniudhi ni sauti ya Amitabh Bachchan inayokuja mwishoni kutueleza habari za Durga. Sauti nzuri, hakuna ubishi, lakini nilikuwa nimeshaelewa. Ni kama mtu anakutegea kitendawili, unajibu, halafu anakufafanulia jibu lako.

Nusu Usingizi

Na mitaa ile si ya kuigiza. Mwongozaji Sujoy Ghosh na mpiga picha wake, Setu, walipiga sehemu kubwa kwa kujificha barabarani ili watu wasikusanyike. Bajeti ilikuwa rupia milioni 80 tu, ikaingiza zaidi ya bilioni 1. Stelingi ni mwanamke, hakuna hata dansi moja milimani. Tuliokua tunaamini stelingi lazima awe na bastola na shati lililofunguliwa vifungo tukanyamaza.

Mshika Rimoti

Nimerudi. Nimetazama tena nusu ya kwanza leo asubuhi, kalamu mkononi kama mkaguzi.

Maji ya moto nakubali, Babu. Majina nakubali. La mjane na sari, Kiti cha Mbele, nakushukuru, maana jana pale niliona rangi tu.

La kamera bado sijalimeza lote. Kama picha ni za hadithi anayomsimulia Rana, basi wangeniwekea japo alama ndogo, kivuli, chochote. Ninyi mnasema alama ilikuwa jina la filamu. Mimi nasema hiyo ni kama kumwibia mtu halafu ukamwonesha kwamba fulana yako imeandikwa mwizi. Tukubaliane kutokubaliana.

Ila kuna kitu kimoja nilikiona leo kimenikata maneno. Jana nilidhani Vidya anaishiwa nguvu kwa sababu ya tumbo. Leo, nikijua tumbo ni la bandia, uchovu ule bado upo usoni. Sasa najua unatoka wapi, na sikuweza kuendelea na kalamu.

Nimeambiwa kuna Kahaani 2 ya 2016, mwongozaji huyohuyo na Vidya Balan huyohuyo, lakini kisa kingine kabisa. Usiku tunaitazama. Mama ameshachukua kiti cha mbele na kitambaa chake, na kauliza swali moja tu: "Na humo kuna mimba?"