Naomba ushauri: "se" kwenye "Se me cayeron las llaves" inafanya kazi gani?

Wakuu, naomba msaada wa Kihispania. "Se me cayeron las llaves", yaani funguo zimenidondoka. "Cayeron" ni wingi kwa sababu kiima ni "las llaves", si mimi. Ukisema "me caí las llaves" umeharibu. "Me" ni aliyepatwa na jambo, kama "-ni-" yetu kwenye "zimenidondoka". Hapo sina shida.

Kinachosumbua ni "se". Kwenye "se me rompió el vaso" (glasi imenivunjikia) inaeleweka: "romper" (kuvunja) ina mtendaji, "se" inamwondoa. Lakini "caer" (kuanguka) haina mtendaji wa kuondolewa! Na ukiitoa, "me cayó una piedra", maana inageuka: jiwe limeniangukia.

Sasa hii "se" tuiiteje? Na ya "se me murió el perro" (mbwa amenifia) ni hiyohiyo?