Utoto wa Merlin: iko mu hadithi ya zamani ama mwandishi alijitungia tu?

mama_ndendere (Bukavu)
Jambo kwenu wote. Naomba mutu mwenye anajua mambo ya vitabu anisaidie kidogo. Mutoto wa yaya yangu, ana miaka 12, alikuja hapa kwa likizo na kitabu ya T. A. Barron, ile ya kwanza ya Merlin, ule mufumu wa hadithi za mufalme Arthur, akiwa kijana, mu Kifaransa, walimuazimia ku shule. Siku za kwanza ilikuwa haimutoki mukononi, ata umeme ikikatika anaendelea na torshi ya telefone. Sasa alifika pale kijana anawasha moto kwa hasira, na ule moto unamuharibu macho yeye mwenyewe, basi akafunga kitabu, ati hasomi tena mbaka nimuambie kama macho inarudia. Mimi nikaifungua nisome kwa haraka nikachanganyikiwa zaidi ju mu ile serie ya televisheni ya BBC mama ya Merlin anaitwa Hunith na hapa iko Branwen, na mutoto anatoka mu bahari hajui ata jina yake. Ya kweli ni gani? Na jambo ya mwisho: bibi yake amesikia neno moto na neno mulozi, anataka kitabu itoke ku nyumba leo leo.

fundi_wa_maneno (Lubumbashi)
Mama jambo. Ya kweli haiko, ao tuseme iko kidogo sana, njo maana kila mutu anajitungia yake. Nitakuambia vile iko.

Hadithi yenyewe ya Merlin iliandikwa na Geoffrey wa Monmouth ku mwaka 1136 hivi, mu Kilatini. Mule utoto yake ni kipande kimoja tu: mufalme Vortigern anajenga munara, kila wakati unabomoka, wafumu wake wanamuambia atafute kijana mwenye hana baba, amuchinje, damu yake wamwange ku musingi. Wanamupata Merlin ku Carmarthen, inchi ya Wales, mama yake ni binti ya mufalme na ameingia utawa. Kijana hata haogopi, anaambia mufalme: chimba hapa chini, utakuta maji, na ndani ya maji dragoni mbili. Wanachimba na wanakuta dragoni mwekundu na mweupe, zinaanza kupigana. Ile maji njo sababu munara ulikuwa unaanguka. Ni hiyo tu. Alikula nini akiwa mudogo, nani alimufundisha, Geoffrey hasemi kitu. Na ata ile kipande aliikuta mu kitabu ingine ya zamani kuliko yake, ya karne ya 9, kule kijana anaitwa Ambrosius. Emrys, jina ya kijana wa Barron yenye mutoto wako anaisoma kila ukurasa, ni Ambrosius huyo huyo mu luga ya Wales, kwa hiyo Barron hakuitoa hewani.

Kisha miaka ya 1200 hivi mufaransa mumoja, Robert de Boron, akaongeza ingine na hii mimi naipenda sana. Wanapeleka mama ya Merlin ku tribinali ju amezaa bila bwana, wanataka kumuua, na Merlin mwenye angali mutoto wa kubeba anafungua kinywa anamutetea mama yake mbele ya watu wote. Anamuambia juji: mimi namujua baba yangu kuliko wewe unamujua wako, baba yako ni padri! Wanamuita mama ya juji, anakubali. Kesi ikaishia pale 😂

Sasa kati ya yule mutoto wa tribinali na yule kijana wa munara kuna shimo ya miaka mingi, na Barron aliingia mu ile shimo, akaandika vitabu 5 kutoka 1996 mbaka 2000. BBC nao waliingia kwa mulango yao, wakafanya Merlin na Arthur wawe vijana wa rika moja, kitu chenye Geoffrey hakusema. Hakuna mwenye alidanganya hapo.

Macho: hapana, hairudie. Lakini kijana anajifunza kuona kwa ingine namna, polepole, na kuanzia pale kitabu inakuwa tamu. Muambie hiyo tu, usimuambie mengine.

jina_la_baraka (Bukavu)
Mimi nasimama na bibi. Hapa kwetu watoto wanafukuzwa nyumbani ju watu wamesema ni walozi, wanalala inje, na nyinyi munawapa vitabu vya kuwafundisha kuwasha moto na hasira. Hapana kabisa.

fundi_wa_maneno (Lubumbashi)
@jina_la_baraka nakuheshimu lakini soma kwanza ile sehemu. Branwen anaponyesha watu na majani, kijiji kinamuita mulozi, vijana wanakuja kumuchoma. Moto ya Emrys inatokea hapo, ni kwa kumuokoa, na akiona imekamata yule adui yake anaingia mwenyewe kumutoa, njo anapoteza macho. Kisha hapo anaapa hatatumia tena ile nguvu. Kitabu yote inasema vile mutoto anaogopa kitu chenye iko ndani yake. Wewe na mwandishi muko upande moja, haujajua tu.

kijana_katindo (Goma)
Grand fundi umesema vizuri ila nashangaa mutu hajataja Mwindo! Mimi baba yangu ni Munyanga wa Walikale, hii njo hadithi ya kwanza niliyosikia maishani. Shemwindo, mwami wa Tubondo, anakataza bibi zake kuzaa mutoto mwanaume, wazae wabinti tu. Yule bibi mupendwa anazaa Mwindo, na Mwindo anatoka anatembea, anasema, anacheka, ameshika conga mukononi, yaani ile fimbo ya mukia yenye nguvu. Baba anamuzika muzima, anatoka. Wanamufungia mu ngoma wanamutupa mu mto, na ile ngoma haizami, anaenda nayo akiimba mbaka kwa shangazi yake Iyangura. Sasa mulinganishe: Emrys wa Barron anatupwa na bahari ku inchi kavu, baba yake ni mufalme mwenye roho yake iliharibiwa, na kijana inabidi arudie kupambana na ule mufalme (pole kwa wenye hawajafika pale). Mwindo naye anamufuata baba mbaka kuzimu kwa Muisa.

Penye zinaachana ni hapa: Mwindo haogopi kitu, anajisifu tangu siku ya kuzaliwa, Emrys anajishuku kila siku. Kwa mutoto wa miaka 12 Emrys ni rafiki muzuri zaidi, nasema ukweli, ata kama damu yangu inanituma kwa Mwindo. Ila Mwindo naye anakuja kufunzwa, ju anaua Kirimu, dragoni yenye alikuwa rafiki ya Nkuba, Nkuba wa radi, na Nkuba anamupandisha juu mbinguni akapigwe baridi na mvua na jua mbaka kichwa ishuke. Iliandikwa na Biebuyck pamoja na Mateene, ikatoka 1969, Kinyanga na Kiingereza. Mama kama bibi anamukatalia Merlin, mumusimulie Mwindo jioni moja kwa kinywa uone kama atakataa na yeye 😅

fundi_wa_maneno (Lubumbashi)
Ndugu yangu umenikamata. Na kwa upande yetu ya Katanga hadithi ya Waluba inaonyesha Kalala Ilunga, mwenye alikuja kuwa mufalme, akiwa kijana, muyomba wake Nkongolo anamuchimbia shimo yenye mikuki chini ya mukeka ili acheze juu yake aanguke, mupiga ngoma anamuonya kwa ngoma. Lakini mufumu wa ile hadithi, Mijibu wa Kalenga, hakuna mwenye anasimulia utoto yake! Mufalme anapewa utoto, mufumu anafika ameshakuwa muzee. Kitabu hiyo haijaandikwa, na siyo Mumarekani kama Barron mwenye ataiandika.

jina_la_baraka (Bukavu)
Sawa nimesikia ya Branwen. Lakini wasome na mutu mukubwa karibu, hapo sibadilishe.

mama_ndendere (Bukavu)
Mersi sana sana. Nimemuambia ya macho, amenyamaza kidogo akasema "basi kama ataona ingine namna naendelea", saa hii iko ku kiti inje na kitabu. Bibi nilimusomea sehemu ya Branwen kwa Kiswahili changu, amesema wale vijana walikosa adabu na mama zao wako wapi, kwa hiyo kitabu inabaki, nasoma naye jioni. Swali moja tu ingine, ni yeye ananituma: dragoni inakuja mu kitabu cha ngapi?

kijana_katindo (Goma)
Inaonekana sana mu cha tatu, mama. Inaitwa Valdearg. Muambie asiruke cha pili.