Mjadala: Mtoto akikanwa hayupo, amekanwa kweli?

Wakuu, kuna jambo limenikaa kooni tangu kikao cha ukoo wetu hapa Ihumwa, Dodoma.

Baba mkubwa alitoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akampa mdogo wake aisome. Iliandikwa kwamba mtoto wa pili wa baba mkubwa si mwanawe tena, hata msibani kwake asikanyage, na shamba asiliguse. Kosa lake: mzee alipolazwa kwa kidonda cha kisukari, kijana aliuza ng'ombe sita akaenda zake Kahama, na simu hapokei. Ukaletwa wino, wasioandika wakaweka dole gumba. Mimi nilisaini.

Kesho yake mwenyekiti wa mtaa alikataa kugonga muhuri. Aliuliza tu, "Na yeye mwenyewe amesemaje?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Naona tunachanganya mambo. Kukana ni kusema huyu simtambui. Kumnyima urithi ni habari ya mali. Kutelekeza ni kumwacha anayekutegemea, na hilo halina mjadala: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amtunze aliye chini ya miaka 18. Binti wa miaka 16 anayefukuzwa kwa sababu ya mimba hajakanwa, ametelekezwa. Tusilipambe.

Huyu wetu ana miaka 31. Wanaosema mzee ana haki nawaelewa kabisa, maana nilimpandisha kwenye bajaji mimi mwenyewe, mguu umefungwa kanga, akimwita kijana huyo huyo kwa jina. Na sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinamruhusu mwenye mali kumnyima urithi mtoto aliyemtupa katika ugonjwa bila sababu ya haki. Ila zinataka mtoto aelezwe kosa lake na apewe nafasi ya kujitetea, mbele ya mzee au ya baraza la ukoo. (Kwa ndugu zetu Waislamu mlango huo haupo kabisa, mrithi halali hafutwi kwa wasia.) Sisi tulisoma hukumu, tukala ugali, tukatawanyika.

Tena kuna hili, linaniuma kulisema. Tangu Serikali ihamie Dodoma, shamba lililokuwa la mtama na uwele linatamaniwa kama viwanja. Jina moja likifutwa, waliobaki wanaongezewa. Siku ile niliona ni akina nani waliosogea kusaini kwanza.

Mimi sisemi kijana hana kosa. Huenda atasimama pale na asiwe na la kujitetea, na hapo mzee akiamua kumnyima nitasaini tena bila kusitasita. Lakini tulimkana mtu ambaye hata hajui kama kulikuwa na kikao.

Jumamosi nakwenda kwa baba mkubwa kumwomba aondoe jina langu kwenye ile karatasi mpaka mwanawe aitwe. Mliowahi kumrudisha mzee nyuma baada ya kutamka neno zito namna hii, mlianzia wapi?