Naomba ushauri: masikio yanalia kila nikitoka shoo

Wadau habari zenu, naombeni ushauri maana hili jambo linaninyima raha. Mimi muziki wa laivu naupenda kupita maelezo, shoo kwangu sio shoo kama sijasimama mbele kabisa karibu na spika, na kumbukumbu zangu zote nzuri ziko pale, besi inakupiga kifuani, msanii anashusha maiki halafu watu wanamalizia kiitikio wenyewe, yaani mwili wote unasisimka. Sasa shoo ya mwisho nimetoka masikio yanalia nziii, zamani ilikuwa inaisha asubuhi ila safari hii leo siku ya 4 bado. WHO mwaka 2022 walitoa mwongozo kwamba sauti kwenye kumbi isizidi wastani wa desibeli 100, na pale mbele nahisi ilipita mbali. Kwa daktari wa masikio naenda, hilo nishaamua. Ninachouliza, mnaotumia vizibo vya masikio, vile vya wanamuziki vyenye filta vina tofauti kweli na vya sponji? Vya sponji nilijaribu nikabaki na besi tu, mwimbaji kama yuko chumba cha pili. Na nikirudi nyuma karibu na fundi mitambo, raha inabaki ileile? Kuacha shoo siwezi jamani, nisaidieni.