Biashara inaenda, ila upweke unanimaliza. Naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Nafanya biashara ya dagaa hapa Kigoma, mzigo nachukua mwalo wa Kibirizi. Siku za giza, mwezi usipoonekana usiku, sina hata nafasi ya kuwaza. Shida ni mbalamwezi, wavuvi wa taa wakipumzika: nashinda ndani, simu zinazoingia ni za wateja na wanaonidai tu.

Marafiki wa zamani wanasema najidai. Wasichana wangu wa kazi nikitokea wananyamaza (bosi tena!). Kwenye kikoba ni marejesho, basi. Mume sina, na wanaokuja wanaulizia mtaji kwanza.

Dada zangu mlioajiri watu, ya moyoni mnamwambia nani? Kuna mama muuza mawese natamani tuzoeane, au urafiki wa sokoni ni kujitafutia balaa?