Pampu ya trela ya kambi yamaliza betri usiku

Swali, kutoka Bamburi
Ndugu zangu, assalamu alaykum. Trela yetu ya kulala safarini ina pampu ya maji ya volti 12 ambayo hunguruma kwa vipindi vifupi usiku kucha, ingawa mifereji yote imefungwa, na ifikapo alfajiri betri huwa imeishiwa nguvu. Je, nianze kukagua maji au betri?

Jibu, kutoka Likoni
Wa alaykumu salaam. Anza na maji, kwa sababu pampu inayojiwasha yenyewe inaonyesha kwamba presha inapotea: ama kiungio kinavuja, ama vali inayozuia maji kurudi nyuma haifungi sawasawa. Kausha viungio vyote, vizungushie tishu, kisha utazame ni kipi kitakacholowa. Vikibaki vikavu, fungua kichwa cha pampu uisafishe vali, maana maji ya visima vyetu vya pwani huacha chumvi na chokaa.

Jibu, fundi wa umeme, Mtwapa
Nakubaliana naye, ila betri nayo ipimwe. Ichaji hadi ijae, itenganishe na nyaya zote kwa saa kadhaa, ndipo uipime: betri nzima ya risasi na asidi husoma takriban volti 12.6 hadi 12.7, na ikikaribia 12.0 imebaki na chaji kidogo mno. Kuiacha hivyo mara kwa mara huiua. Pima pia volti kwenye pampu inapofanya kazi. Zikiwa chini sana kuliko za betri, kagua nyaya na terminali, kwani hewa ya bahari huzila.

Muulizaji
Shukrani sana. Tishu ya chini ya sinki imelowa. Nitabadilisha mpira wa kiungio hicho kwanza, na hadi hapo nitazima swichi ya pampu kila usiku.