Tupeane uzoefu: mzazi kwenye muvi za kifantasia, sharti liko wapi na linavunjwaje?

Mleta mada

Wadau, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wanaoandika skripti, wanaohariri, na wanaotafsiri muvi. Leta filamu moja useme mambo matatu: uchawi umemtenga mzazi na mwanawe kwa sharti gani, ni kitu gani cha kushikika kilichobeba undugu wao, na anafanya nini hasa mtu mpaka kifundo kifunguke. Ukiandika "mapenzi yao yalishinda" hujajibu.

Naanza na Coco (Pixar, 2017). Miguel, miaka 12, anachukua gitaa kwenye kaburi la mwanamuziki maarufu siku ya wafu kule Meksiko, anajikuta upande wa marehemu. Ili arudi lazima apewe radhi na mtu wa ukoo wake: ndugu huyo anashika petali ya ua la rangi ya chungwa, anamwachia radhi, petali inang'aa. Mwisho wa muda ni jua kuchomoza, na mtazamaji hawezi kusahau saa kwa sababu vidole vya mtoto vinaanza kugeuka mifupa.

Sasa angalia ufundi. Imelda, mkuu wa ukoo upande wa wafu, anatoa radhi lakini anaifunga: usiguse muziki tena. Mtoto anafika nyumbani, anakamata gitaa, sekunde chache amesharudishwa kwa wafu. Hakuna aliyetueleza kwa maneno kwamba radhi ya namna hiyo ni kamba, tumeiona ikimvuta. Karibu na mwisho Imelda anashika petali tena, mtoto mwenyewe anatangulia kulitaja lile sharti la muziki, na Imelda halirudii. Filamu nzima imejengwa ili ifike pale.

Kwa watafsiri wa vibanda umiza: ukoo huu msiupitishe juu juu. Hector na Imelda walimzaa Coco, Coco akamzaa Elena, Elena akamzaa Enrique, Enrique akamzaa Miguel. Yaani Miguel ni kilembwe wa Hector, na Mama Coco ni mama wa bibi yake. Ukiwaita wote "bibi" na "babu" umeua siri ya filamu, kwa sababu siri yenyewe ni picha ya familia iliyochanwa kichwa cha mwanamume, na mtoto anakisia vibaya kichwa kile ni cha nani. Maneno tunayo: mjukuu, kitukuu, kilembwe. Tuyatumie.

mhariri_wa_usiku

Nachukua Brave (2012), Uskoti ya kale. Kitu cha kushikika ni kitambaa cha ukutani alichokitarizi mama, kina picha ya familia nzima. Binti yake, Merida, anakipasua kwa upanga, katikati yake na mama yake. Kisha anakwenda kwa mchawi, anapewa keki, mama yake, Malkia Elinor, anaonja na kugeuka dubu. Akifika mawio ya pili bila kurekebishwa, anabaki dubu.

Hapa waandishi wachanga wengi wangekosea kwa kumfanya dubu awe mnyama tangu dakika ya kwanza. Elinor anabaki malkia ndani ya manyoya: anatafuta taji lake, anataka kula kwa adabu za mezani. Ndipo macho yanapobadilika. Yanakuwa meusi kwa muda mfupi, hamjui binti yake, halafu anarudi. Badiliko hilo dogo la macho linatisha kuliko ngurumo yoyote, maana linapima kiasi cha mama kilichobaki. Na ili tuamini kwamba mtu anaweza asirudi, wamemweka Mor'du, mwanamfalme wa kale aliyegeuka dubu moja kwa moja.

Sini ya kuisoma mara tatu ni ile ya ukumbini. Merida anahutubia koo zilizokuja kuposa, mama yake amejificha nyuma akiwa dubu, anampa maneno kwa ishara za mikono. Binti anasoma ishara, anazitamka. Kwa mara ya kwanza wanasikilizana, na mmoja wao hana sauti.

Halafu tahadhari juu ya mwisho. Merida anashona kile kitambaa akiwa juu ya farasi, anamfunika mama yake, na haitokei kitu. Jua linatoka, bado dubu. Anakiri kwamba kosa ni lake, analia, ndipo mama anarudi. Uzi na sindano peke yake vingefanya kazi, ingekuwa hadithi ya dawa. Angekiri bila kushona, ingekuwa hotuba. Lazima viwepo vyote viwili, tena kwa mpangilio huo.

pazia_jekundu

Spirited Away (2001) ya Miyazaki. Wazazi wa Chihiro wanakula chakula cha mizimu, wanageuka nguruwe. Jaribio la mwisho: awataje wazazi wake kati ya nguruwe waliopangwa mbele yake. Anajibu kwamba hawamo. Ni kweli, hawamo.

Wengi wanasema jibu limetoka hewani. Tazameni katikati: ameota ndoto yuko kati ya nguruwe na hawezi kuwatambua wazazi wake. Hofu imepandwa pale, jibu linavunwa mwishoni. Kisha tazameni handaki. Mwanzoni anamng'ang'ania mama mkononi, mama anamwambia asimshike hivyo, atamkwaza. Wakitoka, anamng'ang'ania vilevile na mama anasema vilevile. Wazazi hawakumbuki kitu. Mzigo wote wa kilichotokea kaubeba mtoto wa miaka 10, na hakuna atakayempa pole. Inauma sana.

skripti_mkononi

Hizo zote mzazi anarudi. Asiporudi je? Pan's Labyrinth (2006, si ya watoto) imewekwa Hispania ya 1944. Msichana Ofelia anaambiwa aweke mzizi wa mandragora kwenye bakuli la maziwa mabichi, chini ya kitanda cha mama yake mjamzito, na kila asubuhi autonee matone mawili ya damu. Mama anapata nafuu. Baba wa kambo anaugundua, mama mwenyewe anautupa motoni, mzizi unapiga kelele, na hapohapo uchungu unamshika. Anafariki akijifungua. Kipimo kile kidogo, matone mawili, ndicho kinachoumiza: mtoto alikuwa na kazi ya kila siku ya kumtunza mama, na kanyang'anywa.

Black Panther (2018) nayo iingie, ingawa kwa kawaida inawekwa kwenye muvi za mashujaa. Wawili, T'Challa na hasimu wake Killmonger, wanakunywa mmea uleule unaowakutanisha na baba zao waliofariki. T'Challa anamkuta baba yake kwenye mbuga pana, chini ya anga la zambarau. Killmonger anamkuta wake kwenye chumba kilekile cha Oakland alichofia. Hakuna sentensi inayoeleza tofauti ya malezi kuliko hivyo vyumba viwili.

Mleta mada

Kwa swali la asiporudi, naongeza Onward (Pixar, 2020). Ian na kaka yake Barley wanafanya uchawi wa kumrudisha baba yao marehemu kwa saa 24, unakatika katikati kwa kuwa jiwe la uchawi limepasuka, wanapata miguu mpaka kiunoni. Wanazungumza naye kwa kugongagonga miguu. Ian ana orodha ya mambo ya kufanya na baba, na muda ukikaribia kwisha anagundua yote kayafanya na Barley. Baba anapokamilika, Ian amebanwa nyuma ya kifusi, anachungulia kwenye upenyo. Barley ndiye anayekumbatiwa. Sisi tunabaki na Ian: tunaona midomo ikisogea, hatusikii neno. Mkiandika sini kama hii, kamera msiipeleke upande wa pili.